Mto wa Mti Katika Kabati la Kioo

Kwa nini baba yangu alicheka? Nimeupita umri aliokuwa nao siku ile, nimesoma kuliko alivyosoma yeye, nimezaa na nimezika, na swali hilo lingali mahali lilipokuwa nilipokuwa na miaka saba. Si kwamba sina majibu. Ninayo mengi, na kila moja lina aibu yake. Ninalolikosa ni lile ambalo ningeweza kuishi nalo bila kukunja ngumi.

Nilidhani nimelizoea. Kisha Jumamosi iliyopita, nikiwa jikoni kwangu hapa Berea, mtaa wa Durban, na chai yangu haijapoa, ikaingia barua pepe kutoka jumba la makumbusho la mji mmoja wa Ubelgiji. Sitautaja mji huo. Una mto, una mvua, una kengele zinazopigwa kila robo saa, na sitaki kuupa hata heshima ya jina. Mwandishi wa barua ni mwanamke mwenye adabu nyingi. Anasema wamepata picha katika makabati yao, wamenitafuta na kunipata kupitia chuo ninakofundisha, na wanaandaa maonyesho mapya kuhusu kumbukumbu za wageni waliowahi kuwatembelea. Wangefurahi iwapo ningewatumia video ya dakika tatu nikisimulia, kwa maneno yangu mwenyewe, "kile kisa kitamu cha utotoni". Picha imeambatanishwa. Ndani yake kuna jukwaa, bendera ndogo ndogo za karatasi, na msichana mwembamba aliyenyoosha kidole mbele ya kipaza sauti. Nyuma yake amesimama mwanamume aliyevaa suti ya kahawia, kinywa wazi, meno yote nje.

Kitamu. Nimelirudia neno hilo siku tatu na bado sijui walilionja kwa ulimi wa nani.

Tulikwenda katika mji ule kwa sababu baba alipata ufadhili wa masomo. Mama alipata kazi ya kuosha vyombo katika hoteli, na zamu yake ilikuwa Jumapili. Kwa hiyo Jumapili nilikuwa wa baba. Chumba chetu kilikuwa cha baridi, na baba alikuwa amegundua kwamba nyumba zenye joto kuliko zote mjini ni zile za maonyesho. Tulizimaliza. Tuliona michoro ya wanawake wanene wanaokula zabibu, tukaona saa zilizosimama, ngao, lesi, meno ya wafalme. Mvua ya vuli iliponyesha tulikaa katika ukumbi wa muziki tukiwasikiliza vijana wakifanya mazoezi ya fidla. Lakini Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, siku ambayo kuingia kulikuwa bure, tulikwenda mahali pamoja tu, katika lile jumba kubwa lililoandika barua.

Hata leo nikisikia harufu ya nta ya sakafu iliyochanganyika na sufu mbichi, ninasimama tena pale mlangoni. Kulikuwa na mwanamke mwenye nywele za kijivu nyuma ya meza ndefu. Ulimpa koti lako, naye akakupa kibati chenye namba. Ulipotoka ulirudisha kibati, naye akakuletea koti lako lile lile. Sikuwahi kuona utaratibu wa haki kama huo. Kisha tukaingia ndani, nikaona kwamba kila kitu kilichokuwamo kilikuwa na namba pia. Upanga ulikuwa na namba, na kiatu cha malkia kilikuwa nayo, na vinyago na ngoma vilikuwa nazo. Mtoto wa miaka saba hahitaji kuelezwa zaidi. Nilielewa kwamba watu walikuwa wameacha vitu vyao hapo kwa muda na hawajaja kuvichukua. Niliwasikitikia Wazungu kwa usahaulifu wao. Mtu anaachaje upanga?

Ukumbi wa mwisho ulikuwa wetu, yaani wa Kongo, ingawa baba hakusema hivyo. Taa zake zilikuwa hafifu kuliko za kumbi nyingine, kana kwamba tulipaswa kuonekana jioni daima. Baba alipita mikuki na vinyago bila kugeuza shingo, akaenda kusimama mbele ya kabati moja dogo lililokuwa kando ya dirisha. Ndani yake kulikuwa na mto wa mti, ule wa kulalia, mfupi, uliong'aa katikati ambapo kichwa hukaa. Baba alisimama hapo muda mrefu kuliko alivyosimama mahali pengine popote. Siku moja nilimvuta mkono nikamuuliza ni nini. Akainama, akaniambia kwa sauti ya chini sana, kwa Kiswahili, katika jumba ambalo tulikuwa tunanong'onezana kwa Kifaransa:

"Ni wa bibi yako."

"Mbona hatumchukulii?"

"Twende," alisema. "Mama yako atakuwa ameshatoka kazini."

Nilifikiri nimeelewa. Bibi aliuacha mto wake hapo, kibati akampa baba, na baba amekipoteza. Baba alikuwa mtu wa kupoteza vitu: kalamu, miavuli, tiketi za tramu. Alikuwa anaona aibu kusema. Basi nikaikariri namba iliyobandikwa chini ya mto, tarakimu tano na nukta moja, nikairudia mwezi mzima kabla ya kulala.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata ilikuwa siku ya sikukuu yao ya tamaduni. Uani walikuwa wamejenga jukwaa, kuna ngoma, kuna maandazi yaliyokaangwa na watu wa mabara matatu, kuna mwanamke aliyewafunga vilemba wageni waliopanga mstari. Ndani kulikuwa kumejaa. Nilimwacha baba mbele ya kabati lake, nikamwendea mlinzi wa ukumbi, mwanamume mrefu mwenye masharubu, nikamwambia kwa Kifaransa changu cha shule:

"Bwana, tumekuja kuchukua mto wa bibi. Baba amepoteza kibati, lakini namba ninaijua."

Nikamtajia namba, yote, bila kukosea.

Alicheka hadi akashika ukuta. Akamwita mwenzake, akanitaka nirudie. Nikarudia. Mwenzake akaenda, akarudi na mkurugenzi, mtu mfupi mwenye tai ya rangi ya divai, na mkurugenzi naye akanisikiliza, kisha akamgeukia baba aliyekuwa anakuja mbio kutoka dirishani. Hakumuuliza kwa ubaya. Hili ndilo ninalolikumbuka vizuri kuliko yote. Aliuliza kwa dhati, kichwa kimeinama kidogo:

"Ni kweli, bwana? Ni wa familia yenu?"

Nilimtazama baba kwa fahari, kwa kuwa nilikuwa nimemtengenezea njia yote na kilichobaki kwake kilikuwa neno moja. Baba akafungua kinywa, akacheka.

"Ah, watoto, Bwana Mkurugenzi! Wana ndoto nyingi."

Baada ya hapo kila kitu kilikuwa chepesi na cha furaha. Walinipeleka jukwaani. Mkurugenzi alininyanyulia kipaza sauti, akaniomba niwaambie watu nilichomwambia mlinzi, na mimi, ambaye nilikuwa bado ninaamini kwamba nikisema vizuri zaidi watatupa, nikasema. Uwanja mzima ukaangua kicheko, kicheko cha upole, cha watu wanaokupenda. Nilinyoosha kidole kuonyesha ukumbi ulipo. Hapo ndipo picha ilipopigwa. Nyuma yangu baba alicheka kuliko wote.

Walinipa boksi la chokoleti. Kwenye tramu baba alilibeba juu ya magoti yake kama bahasha ya serikali. Nami nilikuwa nimeshafikia uamuzi wangu: baba ni mwongo. Mto haukuwa wa bibi. Alinidanganya, kisha akaniacha niende kujiaibisha, kisha akacheka nao. Tuliendelea kwenda kwenye maonyesho yao hadi masomo yake yalipokwisha, lakini mimi nilitazama viatu vyangu.

Nimeujenga utu uzima wangu juu ya uamuzi huo. Tuliporudi Lubumbashi, vita vilipokuja, tulipoishia Durban na shahada zake zikawa karatasi tu, baba alivaa fulana ya kumeremeta akalinda magari ya watu katika maegesho karibu na ufuko. Mara nyingine nilipita hapo nikitoka darasani katika chuo cha Westville, nikamwona kwa mbali akimwelekeza mtu kurudisha gari nyuma, akipokea sarafu, akicheka kile kicheko chake. Kilikuwa kilekile. Sikusimama. Alipougua nilimwendesha hospitali kila wiki kwa miezi saba, tukiwa wawili ndani ya gari, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, na sikumuuliza. Nilitaka aanze yeye. Alikufa bila kuanza, nami nikamwosha na kumzika na hasira yangu haikupungua hata chembe. Naandika haya kwa kuwa rika langu tumejifunza kuwasema vizuri wazazi wetu, na sina nguvu hiyo leo.

Jumapili, baada ya ibada, alikuja dada yake baba. Ana miaka sabini na kitu, anaishi mtaa wa chini ya kwangu, na saluni aliyoifungua tulipofika hapa sasa inaendeshwa na wanawe, ingawa funguo hajawapa. Nilikuwa nimeiacha kompyuta wazi mezani.

"Huyu ni nani?" alisema, akivaa miwani. "Ni weye? Angalia ile miguu! Tulikuwa tunakukulisha nini, upepo?"

"Ni mimi, Tantine."

"Na huyu njo kaka yangu. Eish, alikuwa muzuri. Anacheka nini?"

"Ananicheka mimi."

Nikamsimulia. Nilisimulia kwa ufupi na kwa ubaya, kama mtu anayesoma mashtaka. Nilipofika kwenye mto wa mti alivua miwani.

"Muto gani?"

"Wa kulalia. Wametuma picha yake pia, ngoja nikuonyeshe."

"Hapana. Usinionyeshe." Aliifunga kompyuta kwa kiganja, taratibu, na kiganja akakiacha juu yake. "Mi nitasema kwanza, kisha utaangalia. Pembeni iko na ufa. Kwa ufa iko na waya ya shaba, mishono tatu. Mbili iko sawa. Ya tatu imepinda, kwa sababu waya ilikuwa fupi, papa yetu akaivuta na meno."

"Umejuaje?"

"Ni mi niliuangusha. Nilikuwa nauchezea kama mutoto mgongoni. Papa akaleta waya kutoka kwa kazi yake, mugodini, akaushona kabla mama arudi kutoka shamba. Fungua sasa."

Nikafungua. Niliikuza picha mpaka mti ukajaa kioo chote. Mishono ilikuwa mitatu, na wa tatu ulikuwa umepinda. Chini yake wameandika maelezo, nami nikamtafsiria neno kwa neno: mto wa mti wenye urembo wa shaba, fundi hajulikani, mmiliki hajulikani, zawadi ya misheni.

"Urembo," alisema shangazi. Kisha: "Zawadi? Nani alimupa?"

Akanieleza nilichokuwa sijawahi kuelezwa. Kulikuwa na padri aliyeamuru watu watoe nyumbani vitu vya kishenzi vikachomwe. Bibi yangu alikuwa amebatizwa, akautoa mto wake; ulikuwa wa mama yake kabla ya kuwa wake. Uani mwa misheni moto uliwashwa kweli. Shangazi, aliyekuwa na miaka sita, alizunguka nyuma ya jiko la mapadri kutafuta maembe, akakuta kreti za mbao zimepangwa, na kijana wa misheni anafunga mto kwa majani makavu ili usigongeke. Alikimbia kumwambia mama yake. Mama yake alimpiga kwa kumsingizia padri uongo. Kutoka siku hiyo bibi alilala ameegemeza kichwa kwenye mkono wake, hadi kufa, na hakukubali mto wa pamba hata aliponunuliwa.

"Basi baba hakujua," nilisema. "Aliona mto unaofanana tu."

"Alijua. Alituandikia barua kutoka kule. Alisema, nimeuona muto wa mama, iko muzima, wameuweka kwa kioo. Nilimusomea mama ile barua. Alilia siku mbili, kisha akaniomba musamaha juu ya ile fimbo."

Nilisimama nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Kwa miaka yote hiyo nilimwita mwongo kwa jambo pekee alilonieleza kwa ukweli. Ningetarajia hasira inipungue. Badala yake ilipata macho. Mtu aliyedanganya mtoto ninaweza kumwelewa; huyu alisema kweli kwa mtoto, na alipoulizwa na mtu mzima, kwa heshima, mbele ya kitu chenyewe, alikikana. Nao! Walimwona mtoto anawatajia namba bila kosa, na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kufungua daftari. Walikwenda kuleta kipaza sauti.

"Kwa nini alicheka, Tantine?"

"Alikuwa na bourse ya masomo, mama. Alikuwa na weye, alikuwa na mama yako. Angesema nini?"

"Angesema ndiyo. Waliuliza ndiyo au hapana."

Alichukua kikombe kimoja nilichokiosha, akakifuta.

"Mi sijui," alisema mwishowe. "Angekuwa hapa ningemupiga. Kisha ningemupikia."

Nilimwambia nitawajibu leo hii, nitakataa video, nitakataa picha, nitawaambia wasiniandikie tena. Nilikuwa nimeshaitunga barua hiyo kichwani, na ilikuwa barua nzuri. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayetaka rangi isiyomfaa.

"Utawakatalia picha, na muto watabaki nao. Hapo umewafanya nini? Kesho asubuhi unanipeleka polisi."

"Polisi kufanya nini?"

"Afidaviti. Weye uko na degree mbili, haujui? Mi katika hii Durban nimeapa mpaka mukono umezoea. Nimeapa mahali naishi. Nimeapa karatasi zimepotea kwa taxi. Mwaka ule wa ofisi ya wakimbizi nimeapa kwamba sijakufa. Mara moja tu, niape juu ya kitu ya mama."

Tuliandika alasiri nzima, mimi kwenye kompyuta, yeye akitembea kati ya jiko na dirisha. Niliandika kama nilivyofundishwa: inaaminika kuwa, kwa mujibu wa simulizi za familia, huenda. Alinitaka nimsomee, na kila nilipomtafsiria neno la namna hiyo alisimama.

"Nani anaamini? Toa. Andika niliona."

Nikatoa. Andika niliuangusha. Andika alivuta na meno. Mwisho wa karatasi ya pili hapakubaki huenda hata moja, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha vijana wasidai wasichoweza kuthibitisha, nilihisi aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimezoea kuomba radhi ndani ya sentensi.

Jumatatu saa mbili kasoro robo tulikuwa kwenye foleni ya kituo cha polisi, nyuma ya kijana aliyepoteza kitambulisho na mama mwenye cheti cha shule cha mtoto. Shangazi alivaa kitenge chake cha harusi. Konstebo aliyetuita alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nywele amezisuka vizuri, na shangazi alizikagua kabla ya kuketi.

"Sawubona, gogo," alimwamkia shangazi kwa Kizulu, kama bibi yake, akavuta karatasi. Alisoma ukurasa wa kwanza. Akarudi juu akausoma tena, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kiingereza:

"Kimeibwa? Mmefungua kesi?"

"Kiliibwa zamani. Tunaapa tu."

"Nani alichukua?"

"Padri."

"Yuko wapi?"

"Amekufa."

"Na kitu kiko wapi?"

"Ulaya. Katika kabati la kioo."

Aliweka kalamu chini. Nilijiandaa kwa kicheko. Mwili wangu wote ulijiandaa, mabega, shingo, kama mtu anayesikia breki za gari nyuma yake. Msichana aligeuza ukurasa wa pili, akausoma wote, akaweka kidole chake kwenye mstari wa mishono mitatu, akamtazama shangazi.

"Muulize gogo kama anayaelewa yaliyoandikwa humu."

Nikauliza.

"Mwambie mi njo niliyaandika. Weye ulishika mashine tu."

"Anaelewa," nilisema.

"Ana pingamizi la kula kiapo?"

"Hapana."

"Anakiona kiapo hiki kinaifunga dhamiri yake?"

Nilikuwa bado ninatafuta namna ya kumwekea shangazi swali hilo na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshapanda, vidole vimenyooka, bangili zimeporomoka hadi kwenye kiwiko. Konstebo alisimama ili ampokee kiapo, jambo ambalo hakumfanyia yule kijana wala yule mama. Kisha akapiga muhuri mara mbili, ukurasa kwa ukurasa, kwa nguvu, hata kikombe chake cha kalamu kikaruka.

Ndani ya gari nilipiga picha karatasi zote mbili nikaziambatanisha. Niliandika kwamba sitoi video, kwamba picha yangu na ya baba yangu haina idhini, na kwamba kiapo hiki ni cha binti wa mwenye mto, ambaye yu hai na anausubiri. Niliisoma mara moja. Nikakuta mahali nilipokuwa nimeweka tafadhali, nikaifuta, nikatuma.